Seva ya pili haiulizwi: dhana potofu za DNS kati ya wingu na kituo cha data

Kuhusu DNS, mfumo unaogeuza majina ya mashine kuwa anwani, mwezi huu nimeisikia mara tatu: "Weka DNS ya kituo cha data iwe ya kwanza na ya wingu iwe ya pili. Jina lisipopatikana kwa ya kwanza, mashine itauliza ya pili." Aliyeniambia mara ya mwisho ni mhandisi hodari, mwenye miaka mingi kazini, na hilo ndilo linaloniuma. Imani hii nimeikuta kwenye michoro rasmi na kwenye violezo vya kuundia mashine, na kila akaunti mpya inayofunguliwa inairithi.

Haiko hivyo. Seva ya pili imewekwa kwa ajili ya siku ambayo ya kwanza iko kimya. Seva ya kwanza ikisema jina halipo, yaani NXDOMAIN, imeshajibu. Mashine inalichukua jibu hilo, inaipa programu, na utafutaji unaishia hapo.

Tuchukue mashine moja iliyo kwenye wingu. Ndani ya /etc/resolv.conf, faili linaloorodhesha seva za DNS, ina mistari miwili:

nameserver 10.1.0.10
nameserver 10.50.0.2

Ya kwanza ni ya kituo cha data, inafikiwa kwa VPN, njia ya siri kati ya mitandao hiyo miwili. Ya pili ni rizolva, yaani seva inayotafuta majibu ya majina, ya VPC, mtandao wa faragha ndani ya wingu. Programu inatafuta db.malipo.mfano.internal, ambalo rekodi yake iko kwenye zoni ya faragha ya wingu, yaani kundi la rekodi za majina linaloonekana ndani ya mtandao tu. Seva ya 10.1.0.10 haijawahi kulisikia jina hilo, kwa hiyo inajibu NXDOMAIN papo hapo. Ile ya 10.50.0.2, yenye jibu sahihi, haipati hata pakiti moja.

Sasa VPN ikatike. Maktaba ya glibc, inayotumiwa na Linux nyingi kutafuta majina, inasubiri sekunde 5, inakata tamaa na seva ya kwanza, inauliza ya pili, na jina linapatikana. Hapo ndipo dhana hii inapojipatia ushahidi: mtu hujaribu mpangilio wake siku ambayo seva ya kwanza haifikiki, anaona jina limepatikana, anaandika kwenye nyaraka kwamba jaribio limefaulu.

Mambo huwa magumu zaidi kwa sababu si kila mfumo unaisoma orodha hiyo kwa namna moja. Maktaba ya musl, inayotumika kwenye kontena za Alpine, huuliza seva zote kwa pamoja na kushika jibu linalotangulia kufika. systemd-resolved nayo, huduma ya Linux ya kutafuta majina, ikishindwa kuifikia seva moja huhamia nyingine na kubaki huko huko, hata ile ya kwanza ikirudi. Mteja mmoja alikuwa na kontena zilizoipata hifadhidata saa hii na kuikosa saa inayofuata, na kwa siku kadhaa timu yake ikawa inaichunguza hifadhidata. Niliwaomba waendeshe dig, zana ya kuuliza seva za DNS, mara mbili kwa jina lile lile, moja kwa kila seva. Moja ikaleta anwani, nyingine NXDOMAIN. Hifadhidata haikuwa na kosa lolote.

Kuna na kache ya majibu hasi. RFC 2308, waraka wa kanuni za intaneti wa mwaka 1998, inaeleza kwamba NXDOMAIN nayo huhifadhiwa, na muda wake hutokana na rekodi ya SOA, ile yenye mipangilio ya zoni nzima. Ukirekebisha kosa sasa hivi, rizolva inaweza kuendelea kukwambia "halipo" hadi muda huo uishe. Wengi hufika hapa wakadhani marekebisho hayakufanya kazi, wakayaondoa.

Kwa hiyo sharti langu kwa kila mteja ni moja: seva zote zilizo kwenye orodha ya mashine zitoe majibu yale yale kwa kila jina. Uamuzi wa nani anajua nini ufanyike kwenye rizolva, kwa kanuni za kuelekeza maswali kulingana na kikoa. Mashine za wingu ziulize rizolva ya VPC peke yake. Kwenye AWS, wingu la Amazon, rizolva yake iitwayo Route 53 Resolver iwe na mlango wa kutokea (outbound endpoint) na kanuni inayopeleka ofisi.mfano.internal kwenye seva za kituo cha data, na kanuni hiyo itoke kwenye akaunti moja ya mtandao na kugawiwa akaunti nyingine. Upande wa kituo cha data, seva zielekeze wingu.mfano.internal kwenye anwani za mlango wa kuingilia (inbound endpoint), zisizopungua mbili. Na kabla ya kugusa chochote, chora jedwali: kikoa, mwenye kikoa, anayekielekeza. Kikoa chenye wenyewe wawili kigawe. Kila upande ukimwelekezea mwenzake kikoa kile kile, swali litazunguka bila kupata jibu.

Dhana potofu zilizobaki nazitaja kwa haraka, maana dawa yake ni fupi.

"Rekodi isipokuwemo kwenye zoni ya faragha itatafutwa kwenye ya umma." Hapana. Ukiunda zoni ya faragha ya mfano.com kwenye Route 53 na kuiunganisha na VPC, www.mfano.com isipokuwemo itajibiwa NXDOMAIN, hata kama tovuti iko hewani kwa dunia nzima.

"Tumeshaunganisha mitandao, DNS imeungana pia." Njia za mtandao hubeba pakiti, hazibebi zoni. Zoni ya faragha huunganishwa na kila VPC inayoihitaji, na VPC ikiwa ya akaunti nyingine, mwenye zoni hutoa idhini kwanza. Wala usiielekeze seva ya kituo cha data kwenye anwani ya .2 ya VPC (rizolva yake, kama ile 10.50.0.2) au 168.63.129.16 ya Azure, wingu la Microsoft. Anwani hizo hujibu walio ndani tu, kwa hiyo tumia mlango wa kuingilia, au Azure DNS Private Resolver.

"Kwa Private Link tunaelekeza privatelink.blob.core.windows.net." Private Link ni njia ya Azure ya kufikia huduma kwa anwani ya faragha. Elekeza blob.core.windows.net. Mteja huuliza jina la umma, na swali lake la kwanza lazima lifike kwenye rizolva ya Azure.

"DNS ni UDP." UDP na TCP ni njia mbili za kusafirisha data. Jibu lisiloenea kwenye UDP hukatwa, na mteja hurudia swali kwa TCP. RFC 7766 ya 2016 inazitaka seva na wateja wote waimudu TCP. Fungua poti ya 53 kwa zote mbili. Kwa Google Cloud, ruhusu pia 35.199.192.0/19 kwenye fayawoli ya kituo cha data na uweke njia ya kurudi kuelekea huko kupitia VPN, kwani maswali yanayoelekezwa kwenu hutoka kwenye anwani hizo.

"Mabadiliko husambaa kwa saa 48." Hakuna kinachosambaa. Kuna kache zinazosubiri TTL, yaani muda wa kuhifadhi jibu, iishe, na TTL umeiandika wewe. Kama unahamisha huduma Jumamosi na TTL ya sasa ni sekunde 86400, ishushe hadi 60 kabla ya Ijumaa, ili kache za zamani ziwe zimeshakwisha siku ya kuhama.