Sunak, mvua na zile siku 25: Waziri Mkuu wa Uingereza anaitishaje uchaguzi

Tarehe 22 Mei 2024 jioni shemeji yangu wa Morogoro alinitumia voisi noti anacheka mpaka anapaliwa. Alikuwa anamwangalia Rishi Sunak, Waziri Mkuu wa Uingereza wakati huo, anatangaza uchaguzi kwenye tivii, kasimama nje ya ofisi yake namba 10 Downing Street, mvua inamnyeshea, hana mwavuli, koti la suti limelowa mabegani mpaka linang'aa, na huko nje ya geti kuna mtu kafungulia muziki mkubwa hotuba inamezwa. Shemeji akauliza, "We mwanasheria, huyu bwana si ndo anajipangia tarehe mwenyewe? Sasa alishindwa nini kusubiri mvua ikate?"

Mi nafundisha sheria ya katiba na sijawahi kupata swali zuri kama hilo darasani.

Ni kweli, tarehe ilikuwa yake. Bunge lao lina uhai wa miaka mitano kuanzia siku linapokutana mara ya kwanza, siyo siku ya kupiga kura (hapa wanafunzi wangu huwa wanachapia kila mwaka). Lile la Sunak lilikutana 17 Desemba 2019, kwa hiyo lingejifia lenyewe 17 Desemba 2024 na watu wangepiga kura mwisho kabisa 28 Januari 2025. Ndani ya muda huo anachofanya Waziri Mkuu ni kwenda kwa Mfalme kumwomba avunje Bunge, basi, hakuna kura bungeni wala nini. Hiyo ni sheria ya 2022, ambayo imeandika kabisa kwamba hata mahakama haziruhusiwi kuuhoji uamuzi huo.

Kati ya 2011 na 2022 mambo hayakuwa hivo, ilikuwa ukitaka uchaguzi wa mapema lazima theluthi mbili ya wabunge wote wakubali, na 2019 Waziri Mkuu Boris Johnson alijaribu njia hiyo mara tatu akagonga mwamba, ikabidi wapitishe kasheria kafupi ka kazi hiyo moja tu.

Na Mfalme anaweza kukataa? Kwa desturi hakatai. Ila mwaka 1950 katibu wa Mfalme George VI, Alan Lascelles, aliandika barua kwenye gazeti la The Times kwa jina la bandia, Senex, akisema mfalme anaweza kugoma kama Bunge lililopo bado linafanya kazi, uchaguzi utaumiza uchumi na kuna mtu mwingine wa kuunda serikali. Yaani kanuni nzito ya katiba imetoka kwenye barua ya msomaji gazetini! Hawa watu bwana.

Bunge likishavunjwa zinahesabiwa siku 25 za kazi, wikiendi na sikukuu hazimo. Chukua kalenda: lilivunjwa Alhamisi 30 Mei 2024, Ijumaa 31 ndo siku ya kwanza, ukihesabu unatua Alhamisi 4 Julai. Siku hizo wabunge siyo wabunge tena, lakini mawaziri wanabaki ofisini.

Sasa watu wanaona kujipangia tarehe ni turufu. Mi naona ni mtego, na wa kujifunzia ni James Callaghan, Waziri Mkuu wa Uingereza wa chama cha Labour miaka hiyo ya sabini. Septemba 1978 nchi nzima inajua uchaguzi ni Oktoba, vyama vya wafanyakazi vinajiandaa kumsaidia, mzee kapanda jukwaani kwenye mkutano wao kaanza kuimba kawimbo ka zamani ka mtu aliyeachwa kanisani siku ya harusi, watu wanacheka hawaelewi anamsema nani, siku mbili baadaye anatangaza hakuna uchaguzi. Kumbe walioachwa kanisani ni wao. Ikaja baridi ya migomo, takataka zikarundikana mitaani, na 28 Machi 1979 akaangushwa kwa kura ya kutokuwa na imani, 311 kwa 310. Kura moja! Uchaguzi aliokuwa anauogopa ukaja Mei na Margaret Thatcher akaingia.

Waziri Mkuu Theresa May yeye aliwahi, 2017, akijiona anaongoza kwa mbali. Akapoteza wingi wa viti aliokuwa nao.

Kwetu Tanzania Waziri Mkuu hana kitu hicho, anateuliwa na Rais na Bunge likimkataa kwa kura ya kutokuwa na imani anayeondoka ni yeye, Bunge linabaki. Kenya ndo wameenda mbali zaidi. Enzi za Moi tarehe ya uchaguzi aliiita silaha yake ya siri, na nadhani ndo maana katiba ya 2010 ikamnyang'anya rais silaha hiyo kabisa: Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, hata mtoto anaweza kukuhesabia.

Turudi kwa shemeji. Nilimjibu kwamba Sunak huenda aliona kila mwezi akisubiri hali inazidi kuwa mbaya. Chama chake, Conservative, kilitoka na viti 121, wapinzani wao Labour 411. Bunge jipya likakutana 9 Julai 2024, kwa hiyo likiachwa life lenyewe ni 9 Julai 2029 na kura ni Agosti. Akaniuliza, "Agosti kwao kunanyesha?"

Nikamwambia kule kunanyesha mwezi wowote, shemeji.