Peke yako, kwa miguu, milima ya Usambara: yanayosemwa na ukweli wake

Mwambie mtu unapanga kutoka Lushoto hadi Mtae, kaskazini mashariki mwa Tanzania, kwa miguu, begi mgongoni, ukilala njiani siku tatu nne bila mwenzako, na swali la kwanza litakuwa la chui, la pili nyoka. Wanauliza kwa upendo, ila wanakuelekeza uogope visivyo. Usambara Magharibi, kinachomwangusha mtembezi wa peke yake ni baridi, maji na giza, na humo ndimo zilimojaa dhana potofu.

"Ukipotea, fuata mto, utafika kwa watu." Huu ndio ushauri unaonitia hofu kuliko wote. Milima hii imekatika ghafla pembeni. Ukisimama Irente, karibu na Lushoto, unaiona tambarare ikiwa karibu mita 1,000 chini yako, na ukingo wenyewe ni majabali. Mito ya juu haina njia nyingine ya kushuka ila kwa maporomoko. Waliopanda basi kutoka Mombo hadi Lushoto wameyaona ya Soni. Anayefuata maji hujikuta kwenye korongo linalozidi kubana, mawe yanateleza, kurudi juu hawezi na mbele ni genge.

Ukihisi umepotea, simama kwanza. Rudi ulikotoka hadi mahali unapopatambua kwa hakika. Ikishindikana, tulia hapohapo, puliza filimbi mara tatu, pumzika, rudia. Filimbi inasikika mbali kuliko sauti yako na haikukaushi koo. Msitu wa Magamba, ulio njiani, umezungukwa na vijiji na mashamba, kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa wa mtu kukusikia.

"Huku ni karibu na ikweta, baridi haiui." Kati ya Juni na Agosti, usiku wa sehemu za juu hushuka chini ya nyuzi 10. Na mwili hausubiri barafu ndipo upoteze joto. Nguo iliyolowa, upepo na uchovu vinatosha. Jikague: unatetemeka, maneno yanakuwa mazito, vidole vinashindwa kufunga zipu. Ukifika hapo acha kutembea, vua vilivyolowa, vaa vikavu, kula kitu chenye sukari. Kutetemeka kukikoma huku bado una baridi, hali imekuwa mbaya zaidi, na aliye peke yake hana wa kumwambia hivyo. Ndiyo maana jinzi na fulana ya pamba havifai: vikilowa havikaushiki. Sweta la sufu la mtumbani linashinda. Seti moja ya nguo za kulalia ikae kwenye mfuko usiopitisha maji na isivaliwe mchana, hata ukishawishika vipi.

"Maji ya mlimani ni safi, si unayaona yalivyo meupe?" Juu ya kijito hicho kuna mtu analima kabichi na mwingine ananywesha ng'ombe. Chemsha. Wapo wanaosema juu milimani maji huchemka mapema kwa hiyo vijidudu havifi. Kweli, kwenye mita 2,000 yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi, lakini joto hilo linaviua: dakika moja ya kutokota inatosha, na ukivuka mita 2,000 fanya dakika tatu. Kisichoondoka kwa kuchemsha ni dawa za kupulizia mazao, kwa hiyo chota juu ya mashamba au omba maji kijijini.

Mto nao usiupime kwa anga lililo juu yako, maana mvua inaweza kuwa imenyesha kilele cha pili. Maji ya kasi yanayofika magotini yanaweza kukuangusha. Yakigeuka rangi ya udongo, kaa upande ulipo usubiri; vijito vya milimani hujaa haraka na hupungua haraka. Ukivuka, fungua mkanda wa begi kiunoni, ili ukianguka uweze kulivua.

"Kilomita 15 ni saa tatu tu." Tambarare, sawa. Mlimani kuna kanuni ya Mskoti William Naismith ya mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 unazopanda. Kilomita hizo zikiwa na mpando wa mita 900 ni saa nne na nusu, bila kupumzika wala mzigo. Jua huzama kati ya saa 12 na saa 1 jioni mwaka mzima, na chini ya miti giza hutangulia.

"Pasipo na mtandao simu haina kazi." Jipiesi (GPS) ya simu, inayokuonyesha ulipo, hupokea mawimbi ya setilaiti, haihitaji mnara. Pakua ramani kabla ya kuondoka, na usiku lala na simu ndani ya nguo kwa sababu baridi hupunguza nguvu ya betri.

Na wanyama? Vaa buti, washa tochi usiku, usiingize mkono usipopaona, nyoka umemaliza. Mnyama wa kuheshimu ni panya. Wilaya ya Lushoto ilipata milipuko ya tauni kuanzia 1980, nayo huenezwa na viroboto wa panya. Usilale karibu na mashimo yao, usiguse aliyekufa, na chakula kifungwe vizuri.

Kibali cha kuingia msitu wa hifadhi chukua mapema, na mwachie mtu ratiba yako kwa maandishi: utalala wapi kila usiku, na saa ngapi ya siku gani aanze kukutafuta.