Hoteli ya watu wazima tu: ukimya wenyewe unatoka wapi?

Wengi huchagua hoteli isiyopokea watoto wakidhani wamenunua ukimya. Mimi ni fundi wa matengenezo, na miaka yangu mingi imeishia kwenye hoteli ndogo za ufukweni. Simu za saa nane usiku nilizopokea karibu zote zilihusu mlango unaobamiza, pampu ya bwawa, au kiyoyozi kilichofungwa chini ya dirisha la mtu.

Kwanza ondoa wasiwasi: "watu wazima tu" haina maana nyingine ya chumbani. Ni kikomo cha umri, basi. Ila kikomo hicho hutofautiana: kwingine 16, kwingine 18, na zipo zinazodai 21. Ukisafiri na kijana wa miaka 17, uliza kabla ya kulipa. Nchini Uingereza, kwa mfano, Sheria ya Usawa ya 2010 huwakinga dhidi ya ubaguzi wa umri katika huduma wale tu waliofikisha miaka 18, hivyo kumkatalia mtoto chumba si kosa.

Neno "butiki", yaani hoteli ndogo yenye mtindo wake, lilienea baada ya Ian Schrager na Steve Rubell kufungua Morgans mjini New York mwaka 1984. Udogo huo una raha yake, lakini una mtego: hoteli ya vyumba 300 itakuhamishia ghorofa nyingine ukilalamika, ya vyumba 12 ikijaa, huna pa kukimbilia. Kwa hiyo chumba chenyewe ndicho cha kuchagua kwa makini.

Anza na upepo. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa yake hupanda, na upepo huvuma kutoka baharini. Mgeni ameacha mlango wa baraza wazi, anafungua wa korido, paa! Jengo zima limesikia. Usiku mambo hugeuka: upepo hutoka nchi kavu, unapita jikoni na kwenye jenereta nyuma ya jengo, kisha unakuletea kelele zote hizo kitandani. Ndiyo maana huwa nauliza mitambo iko upande gani kabla ya kuuliza kama bahari inaonekana.

Ukifika, pitisha kidole kwenye reli ya baraza. Madoa ya rangi ya chai kwenye chuma kinachodaiwa hakishiki kutu yananiambia mengi. Ama wameweka chuma cha daraja la 304 badala ya 316, na hilo la 316 ndilo lenye asilimia 2 hadi 3 ya molibdeni, metali ya kupambana na chumvi, au hawaioshi kwa maji yasiyo na chumvi. Reli ikiachwa hivyo, sina imani na bawaba wala feni.

Halafu maji. Kwenye pwani nyingi, kutoka kujaa hadi kujaa tena ni kama saa 12 na dakika 25, kwa hiyo kila siku saa ya kuogelea husogea mbele karibu dakika 50. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupanda zaidi. Niliwahi kuitwa na wapenzi wawili waliolipia chumba cha karibu kabisa na maji, wakitaka nizime "ile mashine inayonguruma". Nilifungua pazia nikawaonyesha mawimbi yakipiga ukuta wa bustani, kisha nikawabebea mabegi hadi ghorofa ya juu.