Hipnosisi ya tiba: tumbo linalosokota, mto wa mawazoni na maswali mengine

Ukitaja hipnosisi, wengi wanamwona mtu jukwaani anachezesha saa ya mnyororo, na mzee mzima anawika kama jogoo. Ile ni burudani. Ninayoieleza hapa hufanyika kliniki, na mfano nitakaoung'ang'ania ni tumbo, kwa sababu huko ndiko imejaribiwa vizuri zaidi.

Hipnosisi ni nini? Mtu analazwa usingizi?

Hapana, mtu hasinzii. Jina ndilo linalotuponza. Lilienezwa miaka ya 1840 na James Braid, daktari wa upasuaji Mskoti aliyefanya kazi Manchester, akalitoa kwenye neno la Kigiriki la usingizi. Baadaye mwenyewe aliona halifai, akapendekeza jingine, lakini watu walikuwa wameshalizoea.

Hali yenyewe unaijua. Umezama kwenye mechi, unaitwa mara tatu husikii, na chai imepoa mkononi. Masikio ni mazima, ila akili yote imekwenda upande mmoja. Ukiwa hivyo, unachoambiwa au unachokipigia picha akilini hugusa mwili kwa urahisi kuliko siku zote. Mtaalamu anakusaidia kufika hapo kwa makusudi, kisha anaitumia hali hiyo kwa tiba.

Ukiingia chumbani wanakufanya nini?

Kwanza mnaongea: tatizo limeanza lini, umepima nini, unaogopa nini. Halafu unaegemea kiti, unakazia macho sehemu moja ukutani mpaka kope zinakuwa nzito, unafumba. Unafuata pumzi. Unalegeza taya, mabega, vidole. Sauti ya mtaalamu inapungua kasi.

Kwa mgonjwa wa tumbo, mbinu iliyokuzwa na Profesa Peter Whorwell huko Manchester inaendelea hivi: weka kiganja juu ya tumbo, sikia joto la mkono likipenya ngozi na kushuka hadi kwenye utumbo. Kisha unaambiwa uone mto wa maji. Kama shida yako ni kuhara, mto unaporomoka kwa fujo. Utulize, uone maji yakipita polepole. Kama choo ni kigumu, mto umezibwa na magogo; yaondoe, maji yapate njia. Mwisho unahesabiwa, unafumbua macho, na kila kitu unakikumbuka.

Kikao huchukua kati ya nusu saa na saa moja, mara moja kwa wiki, hadi vikao 12. Unapewa rekodi ya kusikiliza nyumbani kila siku. Asiyeisikiliza anapoteza nauli yake bure.

Sasa mto wa kufikirika unafikaje kwenye utumbo?

Anza na maumivu. Mwaka 1997 watafiti wa Montréal walichapisha jaribio ambalo watu walitumbukiza mkono kwenye maji ya moto ya kuumiza. Wakiwa kwenye hipnosisi, waliambiwa kero ya maumivu inapungua, au inazidi. Maji yalikuwa yaleyale. Picha za ubongo zilionyesha kuwa eneo linalohusika na kero ya maumivu lilibadilika kufuata maneno, huku eneo la kwanza linalopokea hisia za ngozi likibaki karibu vilevile. Kwa hiyo hawakuwa wanajifanya.

Utumbo nao una mtandao wake wa neva, unaozungumza na ubongo mchana na usiku. Ndiyo maana kabla ya mtihani unakimbilia chooni. Mwenye utumbo nyeti, ugonjwa ambao madaktari huuita IBS, husikia maumivu kwa gesi ambayo mwenzake hata haigundui. Tiba hii inapofanya kazi, inapunguza ukali huo.

Ushahidi uko wapi?

Jaribio la kwanza la Whorwell na wenzake lilitoka 1984, wagonjwa 30 tu wa IBS, wote dawa zilikuwa zimeshindwa kuwasaidia. Waliopata hipnosisi walipata nafuu kubwa kuliko waliopata maongezi ya ushauri na vidonge visivyo na dawa ndani. Mwaka 2015 kliniki yake ya Manchester ilitoa matokeo ya wagonjwa 1,000, na 76 kati ya kila 100 walikuwa na nafuu ya maana. Hao 1,000 hawakulinganishwa na kundi jingine, kwa hiyo idadi hiyo usiichukue kama ahadi. Hata hivyo, tangu 2008 mwongozo wa afya wa Uingereza unaitaja kwa wagonjwa ambao dawa hazijawasaidia baada ya miezi 12.

Kwetu naweka tahadhari. Mtu akiumwa tumbo tunasema "vidonda" au "amiba", anameza dawa za duka la jirani mwaka mzima. Pima kwanza. Damu kwenye choo, kukonda bila sababu, upungufu wa damu, homa, maumivu yanayokuamsha usiku, au tatizo lililoanza ukubwani baada ya miaka 50: haya hayasubiri hipnosisi, yanataka daktari.

Nje ya tumbo je?

Wanawake waliokoma hedhi wanaosumbuliwa na joto la ghafla. Jaribio la wanawake 187 huko Texas, lililochapishwa 2013, lilitumia vikao vitano na picha za ubaridi. Baada ya wiki 12 vipindi vya joto vilikuwa vimepungua kwa takriban asilimia 74, wakati kundi la kulinganisha lilipungua asilimia 17. Huko Liège, Ubelgiji, tangu 1992 wapo wanaofanyiwa upasuaji, hata wa tezi ya shingo, kwa hipnosisi pamoja na ganzi ya sehemu na dawa kidogo ya kutuliza. Ganzi ipo, tafadhali. Asikudanganye mtu kwamba ni maneno matupu. Husaidia pia hofu ya sindano na ya daktari wa meno.

Kuacha sigara?

Matangazo mengi, ushahidi dhaifu. Tafiti zilizojumlishwa hazijaonyesha kwamba inashinda njia nyingine.

Naweza kulazimishwa kufanya nisichotaka? Kama wale wa stendi?

Kila mji una kisa cha mtu aliyesalimiwa na mgeni stendi, akazinduka hana simu wala pesa. Wengine wanasema alipuliziwa dawa, wengine uchawi. Vyovyote iwavyo, siyo hii. Hapa unasikia, unajua uko wapi, na ukiambiwa jambo linalokukera unafumbua macho na kuondoka. Si jini wala kupandwa na kitu.

Kila mtu inamshika?

Hapana. Wachache huzama haraka sana, wachache karibu hawazami kabisa, wengi wako katikati. Haina uhusiano na kuwa mjinga au dhaifu. Anayezama haraka mara nyingi ni yule anayesoma hadithi mpaka anasahau ugali jikoni.

Inaweza kunikumbusha yaliyonipata utotoni?

Hapo kataa. Chini ya hipnosisi mtu anaweza kutunga kumbukumbu bila kujua, kisha akaapa kwamba ni kweli. Familia zimevunjika kwa hilo, na mahakama nyingi za Marekani hazipokei ushahidi uliopatikana hivyo.

Nani asiijaribu, na nimwamini nani?

Mwenye ugonjwa wa akili wa kusikia sauti au kuona visivyokuwepo asianze bila daktari wake wa akili. Mwenye kifafa amwambie mtaalamu mapema. Hata Uingereza mtu yeyote anaweza kujibandika cheo cha mtaalamu wa hipnosisi. Kwa hiyo uliza: kabla ya hipnosisi ulisomea nini? Tafuta daktari, muuguzi au mwanasaikolojia aliyeongeza ujuzi huu, kisha umwangalie anapokuuliza umepima nini. Asiyeuliza, na bango lake linataja kisukari, mvuto wa mapenzi na bahati ya biashara, mwache na bango lake.