Mfadhili ana mtoto mmoja, bibi ana wanne

Bibi alikuwa amewavika wote wanne. Nilimkuta amewapanga mbele ya nyumba, kwenye kivuli cha migomba, kuanzia msichana wa miaka kumi na mbili hadi kitinda mimba aliyekuwa bado ananyonya kidole. Nyuso ziling'aa mafuta na kila mmoja alivaa nguo yake ya Jumapili. Alikuwa ameambiwa kwamba leo anakuja mtu wa parokia kupiga picha ya kumpelekea mfadhili. Hakuna aliyemwambia kwamba fomu niliyobeba ilikuwa moja tu, na jina lililoandikwa juu yake lilikuwa la mtoto wa pili.

Nilimpiga picha huyo mmoja, na watatu wakasimama pembeni wakitazama. Mwenyekiti wa jumuiya ndogondogo ya Kikristo ya pale, mama wa kujitolea niliyeongozana naye, hakusema neno mpaka tulipokuwa njiani kurudi. Ndipo akaniuliza, "Dada, na wale watatu tumewaachia nini?"

Huo ulikuwa mwaka wangu wa kwanza. Taaluma yangu ni ustawi wa jamii, na kwa miaka kumi na minne sasa naratibu ufadhili wa watoto katika parokia moja ya mkoa wa Kagera. Watu wengi huniuliza kazi hii inakwendaje, hasa vijana wa parokia nyingine wanaotaka kuanzisha ya kwao. Kila nikitaka kuwajibu narudi kwenye swali la yule mama.

Kwa asiyeufahamu, ufadhili ni hivi: mtu aliye mbali, mara nyingi Ulaya au Marekani, ingawa siku hizi tunao pia Watanzania wa Dar es Salaam na Mwanza, anakubali kutoa kiasi fulani kila mwezi kwa ajili ya mtoto mmoja anayemjua kwa jina na picha. Fedha hupitia kwenye shirika, zikafika jimboni au parokiani. Barua zinakwenda na kurudi. Mtoto akihitimu au akifikia umri, ufadhili unakoma.

Ndani ya Kanisa mizizi ya jambo hili inakwenda mbali. Mwaka 1843 Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa, alianzisha Utoto Mtakatifu, ili watoto wa Ulaya wachangie senti zao na sala zao kwa ajili ya watoto wa China. Fedha za shirika hilo zilifika hadi pwani yetu. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, sehemu ya gharama za kuwakomboa na kuwalea watoto waliokuwa wametekwa utumwani ilitoka Utoto Mtakatifu. Nimesimama pale Bagamoyo zaidi ya mara moja nikawawazia watoto wale. Walipata uhuru, wakapata majina mapya na mahali pa kulala. Lakini mama zao na bibi zao walikuwa bara, mwendo wa miezi, na hapakuwa na ndugu wa kuulizwa lolote juu yao.

Watoto wetu wana ndugu. Hapo ndipo tofauti ilipo, na kwangu ni kubwa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na miaka iliyofuata ilikiondoa kizazi cha katikati katika nyumba nyingi. Wakabaki wazee na wajukuu. Dawa za kufubaza virusi zimebadilisha mengi, tunamshukuru Mungu, na yatima wa namna ile wamepungua. Wengi ninaowaandikisha leo ni watoto wa wale yatima: mama alizaa akiwa na miaka kumi na sita, baba yuko visiwani kwenye uvuvi na harudi, mtoto analelewa na bibi au na shangazi. Anaye mtu wake. Anacho kibanja chake, yaani shamba la migomba lenye makaburi ya babu zake ndani. Ukimsaidia kana kwamba hana watu, unamwondoa mikononi mwa wale wanaompenda.

Kwa hiyo kabla ya fedha, kuna kupiga hodi.

Wanaojua historia ya Mtakatifu Vinsenti wa Paulo wanakumbuka Jumapili ile ya Agosti 1617 huko Châtillon, Ufaransa. Alihubiri kuhusu familia moja ambayo watu wake wote walikuwa wagonjwa, na mchana watu wakamiminika barabarani wakibeba chakula. Vinsenti alifurahi, kisha akaingiwa na wasiwasi: chakula chote hiki kikifika leo, kingine kitaoza, na wiki ijayo familia ile ile italala njaa. Siku chache baadaye akawakusanya wanawake wa mji ule, wakapangiana zamu. Hawakuwa na fedha nyingi. Walikuwa na zamu, na miguu ya kwenda. Karne mbili baadaye, mwaka 1833, mwanafunzi wa Paris aliyeitwa Frédéric Ozanam na wenzake walianzisha shirika linalobeba jina la Vinsenti, na Sista Rosalie Rendu ndiye aliyewafundisha namna ya kuingia nyumbani kwa maskini. Hadi leo wanachama wake, Wavinsenti, wanatembelea wawili wawili.

Sisi pia tunakwenda wawili wawili. Kwetu wanaojitolea ni akina mama wa WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania), katekista wa kigango, walimu wachache waliostaafu na vijana wawili watatu. Hawalipwi. Jumuiya ndogondogo ndiyo inayowapendekeza, na hili nalitetea kwa nguvu zote, maana jumuiya inamjua nani anatunza siri na nani akitoka nyumba moja anaimwaga nyingine. Kila mmoja ana kaya chache, zile anazoweza kuzifikia kwa miguu.

Kwa miguu, nasema. Zamani tulikuwa tunatumia gari lenye nembo ubavuni. Likisimama mbele ya nyumba, kijiji kizima kinaanza kuuliza: pale kuna nini, nani anaumwa, wanapewa shilingi ngapi? Msichana mmoja wa kidato cha pili alinililia kwamba shuleni wameanza kumwita jina la gari lile. Tuliacha. Mama wa jumuiya akipita kwa jirani yake na kikapu, hakuna anayegeuza shingo.

Akiingia hatoi fomu. Anasalimia, anakaa kwenye kigoda, anamenya ndizi pamoja na bibi kama wakati wa kumenya umefika. Macho yake yanafanya kazi. Nimejifunza kwao mambo ambayo chuoni sikufundishwa. Daftari, kwa mfano. Usimuulize mtoto kama anakwenda shule, mwombe akuonyeshe daftari la hisabati ukatazame tarehe ya mwisho. Ikiwa ni ya wiki tatu zilizopita, unajua. Wanatazama mafiga kama yana majivu ya jana. Wanatazama kibanja: migomba ikianza kukauka kwa ule ugonjwa wa mnyauko, baada ya miezi michache nyumba hiyo haitakuwa na chakula, na mtoto atakuwa wa kwanza kutumwa kutafuta kibarua. Wanasikiliza kama kuna baba mdogo aliyeanza kuja kupima mipaka.

Hili la mipaka linaniumiza kuliko mengine. Mjane au bibi akinyang'anywa kibanja, hakuna ufadhili utakaoziba pengo hilo. Mwaka 1990 Mahakama Kuu, mbele ya Jaji Mwalusanya, iliamua katika kesi iliyotoka huku kwetu Kagera kwamba mwanamke aliyerithi ardhi ya ukoo ana haki ya kuiuza sawa na mwanamume. Ni miaka mingi sasa, na bado nakutana na akina mama ambao hawajawahi kusikia. Mama zetu wa kujitolea wanaijua hukumu hiyo, na wanajua ofisi ya kata iko wapi na siku gani mtendaji anapatikana.

Fedha zenyewe zina matumizi tofauti na zamani. Nilipoanza, kazi yetu kubwa ilikuwa ada. Januari 2016 ada ilifutwa hadi kidato cha nne katika shule za serikali, na mwaka 2022 ikafutwa hadi kidato cha sita. Wafadhili wengine waliuliza, kwa haki kabisa, kama bado wanahitajika. Ukweli ni kwamba sare, viatu, madaftari, chakula cha mchana shuleni, nauli na godoro la bweni havikufutwa. Na kwa asiyeendelea na masomo ya juu, kuna VETA: ushonaji, umeme, useremala.

Fedha tunaziingiza kwenye akaunti ya mlezi, kwa jina lake. Mama wa kujitolea hashiki hata shilingi moja, na hilo linamlinda yeye kuliko mtu mwingine yeyote. Anakaa na mlezi wanapanga, lakini anayeamua ni mlezi. Haikuwa hivyo mwanzoni. Mwongozo wetu ulitaka fedha ya kwanza inunue sare na viatu vya mtoto aliyeandikishwa. Yule bibi wa watoto wanne alikataa. Alisema wajukuu wake wote wanalala kwenye majani makavu, na viatu atavivaa mmoja lakini godoro watalilalia wote. Nilibishana naye nusu saa nzima. Mama wa jumuiya akaniambia taratibu, "Dada, mwache. Yeye ndiye anayewasikia wakikohoa usiku."

Godoro likanunuliwa. Nikamwandikia mfadhili, mzee mmoja wa Ujerumani, nikimweleza kwa nini mtoto wake bado anakwenda shule na kandambili. Nilidhani tungempoteza. Alijibu kwamba wao walikuwa saba nyumbani baada ya vita, wakilala watatu kitanda kimoja, na kwamba bibi amefanya sawa. Tangu barua ile fomu yetu ya kwanza haianzi tena na jina la mtoto. Inaanza na swali: usiku wa leo wanalala akina nani katika nyumba hii?

Je, ufadhili unasaidia kweli? Upo ushahidi. Mwaka 2013 wachumi Bruce Wydick, Paul Glewwe na Laine Rutledge walichapisha utafiti kuhusu watu wazima zaidi ya 10,000 katika nchi sita, Kenya na Uganda zikiwamo. Waliokuwa wamefadhiliwa utotoni, kupitia shirika la Kiprotestanti la Compassion, walikuwa wamekaa shuleni zaidi ya wenzao kwa muda wa kati ya mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu. Mwaka mmoja si jambo dogo. Kwa msichana wa huku ni tofauti kati ya kuolewa kabla ya mtihani na kuolewa baada yake. Lakini lipo na fundisho chungu. Mwaka 1998 gazeti la Chicago Tribune lilichapisha uchunguzi wa waandishi waliokuwa wamefadhili watoto kupitia mashirika makubwa. Mmoja wa watoto hao, msichana wa Mali, alikuwa ameshafariki, na michango kwa ajili yake ilikuwa bado inapokewa. Niliposoma habari ile sikuwaza juu ya hesabu za shirika. Niliwaza: hapakuwa na mama wa jumuiya. Kwetu mtoto akiugua usiku, mama wa kujitolea anajua kabla ya misa ya asubuhi.

Barua ndizo zinazochukua muda mwingi, na ndizo watu wanazozidharau. Kanuni yangu ni moja: mtu mzima asimwandikie mtoto. Akiwa hajui kuandika, achore. Akichora ng'ombe mwenye miguu mitano, ng'ombe huyo aende Ulaya na miguu yake mitano. Haombi kitu ndani ya barua, haweki namba ya simu, hataji ugonjwa wa mtu. Mfadhili akitaka kuja kumwona, anapitia ofisini na hakai na mtoto peke yao, awe mwema kiasi gani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatudai tumlinde mtoto, na Kanisa lenyewe, baada ya majeraha tunayoyajua wote, halina ruhusa ya kulegea hapa. Mfadhili mmoja mmoja hukasirika. Namwacha akasirike.

Zinazotoka huko nazo zinahitaji mtu wa kuzieleza. Yule mzee wa Ujerumani alituma picha ya mbwa wake amelala kwenye kochi. Watoto wote wanne waliishika kwa zamu, wakataka kujua mbwa huyo ana cheo gani. Mama wa jumuiya akawaambia kwamba mzee anaishi peke yake, mkewe amefariki, na mbwa ndiye anayempokea jioni. Bibi akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe hana mtu." Kuanzia siku hiyo, katika sala ya jioni ya nyumba ile, jina la mzee likawa linatajwa, wakilitamka kwa Kihaya chao hadi likawa jina jingine kabisa.

Mwaka jana shirika lilituarifu kwamba amefariki. Yule mtoto wa pili yuko VETA sasa, mwaka wa mwisho, na shirika limeahidi kumalizia gharama. Nilikwenda mwenyewe kumpa bibi habari, pamoja na mama yule yule wa siku ya kwanza, ambaye naye sasa anatembelea fimbo. Nilitaka kuanza na gharama, ili asipate hofu. Bibi hakuuliza habari za gharama. Aliuliza kama mzee alizikwa na watu wake, na mbwa yuko wapi.

Jumapili iliyofuata, wakati wa kupeleka vipaji, nilimwona akipanda kutoka nyuma ya kanisa, mkungu wa ndizi kichwani, wajukuu wawili nyuma yake. Katekista alikuwa ameshasoma nia ya misa mwanzoni, akijikwaa kwenye jina. Bibi aliuweka mkungu chini ya altare, akasimama pale kwa muda, kisha akarudi kwenye benchi lake.