Kuchora mashaka katika uamuzi wa vigezo vingi: maana yake

Uamuzi wa vigezo vingi hutumika pale ambapo bei peke yake, au ubora peke yake, haitoshi kuamua. Mhandisi wa mazingira huzipa njia zilizopo alama kwa kila kigezo, huzidisha alama kwa uzito wa kigezo, kisha hujumlisha. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, mji mdogo mkoani Dodoma unatafuta maji: visima virefu vimepata 71, bwawa 68. Visima vimeshinda, kikao kimefungwa.

Ila hiyo 71 imesimama juu ya makisio. Dodoma hupata mvua ya milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, na vipimo vya visima vya Makutupora, karibu na jiji la Dodoma, vilivyoanza miaka ya 1950, vinaonyesha kuwa maji ya ardhini pale hayajazwi kila masika. Hujazwa na misimu michache ya mvua kubwa, kama ya El Niño ya 1997/98. Uzito nao hutoka vichwani mwa watu: mama anayefuata maji kilomita tatu na mhasibu wa halmashauri hawaipi gharama uzito mmoja.

Kwa hiyo kila makisio hupewa kiwango cha chini na cha juu, kompyuta ikarudia hesabu mara 10,000 kwa thamani za kubahatisha ndani ya mipaka hiyo (uigaji wa Monte Carlo), na majibu yakachorwa kama mistari, kutoka alama ya chini hadi ya juu: visima 58 hadi 80, bwawa 52 hadi 77.

Hapa ndipo wengi huteleza. Wakiona mistari imeingiliana, husema basi, zote sawa. Si lazima. Ukame ukija hushusha visima na bwawa kwa pamoja, na mistari miwili iliyochorwa kando kando haionyeshi hilo. Toa alama za bwawa kwenye za visima ndani ya kila duru, yaani kila marudio ya hesabu, uchore tofauti. Unaweza kukuta visima vimeongoza mara 8,700. Mimi mchoro huo ndio ningewapelekea madiwani kwanza. Njia zikizidi mbili, chora pau zinazoonyesha kila njia imeshika nafasi ya kwanza, ya pili au ya tatu mara ngapi.

Floridi, madini yanayodhuru meno na mifupa yakizidi na tatizo la zamani la maji ya visima kanda ya kati, isichanganywe kwenye alama hizo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na unafuu wa bei haupunguzi floridi kwenye ndoo. Ichorwe peke yake: ni duru ngapi zimevuka kiwango hicho.