Willie Brown na kura 41

Ukimtajia Spika msomaji wa Dodoma au Nairobi, atamfikiria mtu aliyevaa joho, anayeingia ukumbini akitanguliwa na siwa, kisha anakaa katikati ya pande mbili na kuamua nani azungumze na nani akae chini. Kenya ilikwenda mbali zaidi. Kwa Katiba ya 2010, Spika hawakilishi eneo lolote la uchaguzi na hapigi kura. Kura zikilingana, hoja imeanguka.

Picha hiyo haitakusaidia sana Sacramento, yaliko makao makuu ya jimbo la California. Spika wa kule ni mbunge kama wenzake, anapiga kura kama wenzake, na ni kiongozi wa chama bila kuficha. Ndiye anayeteua wenyeviti wa kamati, ndiye anayeamua nani apate ofisi kubwa na wasaidizi wa kutosha, na wakati wa uchaguzi hukusanya fedha za kampeni na kuzigawa kwa wagombea wa upande wake. Kwa Waswahili walioko Marekani jambo hili lina uzito wa kila siku, kwa sababu shule, leseni za udereva, sheria za nyumba na sehemu kubwa ya sheria za jinai huamuliwa na mabunge ya majimbo. Washington haihusiki sana huko.

Nimemchagua Willie Brown, aliyewahi kuwa Spika wa California, kwa sababu maisha yake yanaonyesha kazi hii jinsi ilivyo. Baraza la chini la Bunge la California lina wabunge 80, na Seneti ina 40. Baraza la chini likijaa, anayetaka kuchaguliwa Spika anahitaji kura 41. Brown aliielewa hesabu hiyo kuliko mtu yeyote aliyepita katika ukumbi ule.

Alizaliwa Machi 20, 1934, Mineola, mji mdogo wa Texas ambako watu weusi na weupe walitenganishwa kisheria. Mama yake alifanya kazi za ndani Dallas, kwa hiyo alilelewa na bibi yake. Alipomaliza sekondari mwaka 1951, katika shule ya watoto weusi, alikwenda San Francisco kwa mjomba wake, ambaye alijipatia riziki kwa kamari. Alifanya kazi za usafi na ulinzi wa milango ili ajisomeshe, akamaliza chuo kikuu cha jimbo kilichokuwa pale mjini, kisha akapata shahada ya sheria mwaka 1958. Kazi ya uwakili aliianza kwa kuwatetea watu ambao mawakili wakubwa hawakuwataka, wakiwemo makahaba.

Mwaka 1961 alikwenda kutazama nyumba mpya zilizokuwa zikiuzwa mtaa wa Forest Knolls. Wauzaji walipomwona wakatoweka. Brown na wenzake wakakaa pale kwa maandamano ya kuketi, magazeti yakaandika, na jina lake likajulikana mjini. Mwaka uliofuata akagombea ubunge wa jimbo dhidi ya mbunge mkongwe wa chama chake mwenyewe cha Democratic, Edward Gaffney. Alishindwa kwa kura mia chache. Mwaka 1964 akarudi kwa mtu yuleyule, akamshinda.

Miaka yake ya kwanza bungeni sitaikalia. Alipanda hadi kuwa mwenyekiti wa kamati ya fedha, na mwaka 1974 akautaka uspika. Alishindwa na mbunge mwenzake Leo McCarthy kwa kura, na baadhi ya kura zilizompotea zilikuwa za wabunge weusi na wenye asili ya Amerika ya Kusini ambao alidhani ni wake bila kuuliza. McCarthy akamnyang'anya uenyekiti, na Brown akabaki mbunge wa kawaida mwenye muda mwingi wa kuwatazama wenzake: nani ana shida gani, nani amemkasirikia nani, nani anataka nini asichokisema.

Hata katika kipindi hicho alipitisha mswada ambao wengi waliuona hauwezekani, wa kufuta adhabu za jinai kwa mahusiano ya faragha ya watu wazima waliokubaliana. Mwaka 1975 Seneti iligawanyika 20 kwa 20. Aliyekuwa na haki ya kuvunja sare ni Naibu Gavana Mervyn Dymally, mzaliwa wa Trinidad, naye alikuwa Denver. Ikabidi arudi kwa ndege apige kura moja tu.

Uspika aliupata Desemba 1980 kwa njia ambayo hadi leo hunifanya nitabasamu. Wademokrat walikuwa wamekaa mwaka mzima wakigombana: McCarthy hataki kuondoka, mbunge mwenzao Howard Berman anataka kumwondoa. Brown akavuka ukumbi. Aliwaahidi Warepublikan kwamba hawatanyimwa wasaidizi wala nafasi kwenye kamati, na wao wakaona heri yeye kuliko Berman. Alichaguliwa kwa kura 51, ambapo 28 zilitoka upande wa Republican na 23 tu zilitoka chama chake. Hivyo mtu mweusi wa kwanza kuwa Spika wa California aliwekwa kitini, kwa sehemu kubwa, na wapinzani wake. Mwaka 1981 mipaka ya maeneo ya uchaguzi ilipochorwa upya, Warepublikan waliona wamepunjwa vibaya. Kufikia hapo Brown alikuwa amekwishawarudisha Wademokrat kwake mmoja mmoja, na kura zile 28 hakuzihitaji tena.

Alikaa kwenye kiti hicho zaidi ya miaka 14, muda ambao hakuna Spika mwingine wa California aliyeufikia. Aliutumia vipi? Jibu la haki lina pande mbili. Mwaka 1986 alikuwa nyuma ya sheria iliyoandikwa na mbunge Maxine Waters ya kuondoa fedha za pensheni za jimbo kwenye kampuni zilizofanya biashara na Afrika Kusini ya makaburu. Gavana George Deukmejian, Mrepublikan aliyekuwa akipinga, alibadili msimamo na kutia saini. Spika wa California pia ni mjumbe wa bodi ya Chuo Kikuu cha California kwa wadhifa wake, na bodi hiyo nayo mwaka huohuo ilipiga kura kuondoa mabilioni yake.

Upande wa pili ni fedha. Brown alikusanya michango mikubwa kutoka kwa wenye viwanda, mawakili, madaktari na kampuni za tumbaku, akaigawa kwa wabunge, na mbunge aliyelipiwa kampeni alijua deni lake liko wapi. Septemba 1987, katika mgahawa wa Frank Fat's, hatua chache kutoka jengo la Bunge, wawakilishi wa mawakili, madaktari, bima na wenye viwanda walikubaliana kuhusu sheria ya fidia, na mapatano yakaandikwa kwenye kitambaa cha mezani. Bunge likaipitisha katika saa za mwisho za kikao. Ndani yake mlikuwa na kinga iliyozuia wagonjwa kuzishtaki kampuni za sigara, na ilichukua miaka 10 kuifuta. Mimi nafundisha elimu ya uraia, na hakuna mfano ninaoutumia mara nyingi kama huo, maana kila kitu kilifuata kanuni za Bunge: mswada ulisomwa, kura zikahesabiwa. Wananchi walichokosa ni nafasi ya kusikia.

Mwaka 1988 vijana watano wa chama chake, akiwemo Gary Condit, walijaribu kumpindua kwa kushirikiana na Warepublikan, yaani kwa njia ileile iliyompandisha yeye. Aliwavua vyeo vya kamati, na uchaguzi wa Novemba ulipomletea wabunge wapya, jaribio likafa. Miaka hiyohiyo wapelelezi wa FBI waliojifanya wafanyabiashara wa kamba wa baharini walikuwa wakitembeza hongo Sacramento. Wabunge kadhaa waliishia gerezani. Brown hakushtakiwa.

Wapiga kura walichoka. Novemba 1990 walipitisha Pendekezo la 140: mbunge wa baraza la chini asizidi miaka 6, seneta asizidi 8, na bajeti ya uendeshaji wa Bunge ikatwe kwa kiasi kikubwa. Kila mtu alijua sheria hiyo ilimlenga nani. Nadhani wananchi walikuwa na haki ya kukasirika, lakini panga lilikata pasipostahili pia, kwani wataalamu wa Bunge waliojua kusoma bajeti waliondoka kwa wingi, na mbunge mpya akabaki kumuuliza mshawishi wa kampuni maana ya kifungu. Mwaka 1992 Bunge na Gavana Pete Wilson walishindwa kukubaliana bajeti, na kwa takriban miezi miwili jimbo likawalipa watu kwa hati za ahadi.

Halafu ukaja uchaguzi wa 1994. Warepublikan walipata viti 41, Wademokrat 39. Kwa hesabu ya kawaida Brown alikuwa amekwisha. Siku ya kumchagua Spika, Paul Horcher, Mrepublikan, alisimama, akatangaza kuwa amejitoa chamani, na akampa Brown kura yake. Ikawa 40 kwa 40, na baraza likakwama. Mrepublikan mwingine, Richard Mountjoy, alikuwa ameshinda viti viwili kwa mpigo, cha baraza hilo na cha Seneti. Januari 1995 wenzake walipiga kura kuhusu kiti chake, wakaamua kwamba yeye mwenyewe haruhusiwi kupiga, na akatolewa. Wakabaki 79. Nusu ya 79 na ushee ni 40, na 40 Brown alikuwa nazo.

Horcher alilipia: wapiga kura wake walimwondoa kabla ya muda wake kwisha. Juni 1995 Brown alishuka mwenyewe, lakini alishuka akiwa amekwishapanga kwamba Wademokrat wote wampigie Doris Allen, Mrepublikan asiyependwa na chama chake. Desemba mwaka huo akashinda umeya wa San Francisco, akahudumu mihula miwili hadi Januari 2004.

Ukomo wa mihula ulilegezwa mwaka 2012. Sasa mbunge anaruhusiwa miaka 12 kwa jumla, na anaweza kuimaliza yote katika baraza moja. Spika aliyekaa muda mrefu zaidi tangu Brown ni Anthony Rendon, aliyeshika kiti Machi 2016. Mei 2022 mwenzake wa chama, Robert Rivas, alitangaza kuwa ana kura za kutosha kuchukua nafasi hiyo. Wademokrat walijifungia ndani kwa saa kadhaa, na Rendon akatoka bado ni Spika. Novemba walikubaliana tarehe, na Juni 30, 2023, Rivas akaapishwa.